Maswali ya Wasomaji: Uhuru wa Kusema Unapofika Mlangoni pa Mtu

Barua zilizotufikia mwezi huu, ukiondoa chache, zimeuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: inakuwaje mtu mwenye haki ya kusema anyamazishwe na mwenye jengo, mwenye mtandao au msimamizi wa kundi, ilhali katiba imemhakikishia uhuru wa kujieleza? Nimechagua tano, nikazifupisha bila kugeuza maana na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwandishi. Mbili za mwanzo nimezijibu kwa urefu kwa sababu ndizo zinazobeba mzizi wa suala zima.

Swali la kwanza

*Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tukigawa vipeperushi vya kupinga kufungwa kwa maktaba ya umma, ndani ya jengo kubwa la maduka, karibu na ngazi za umeme. Hatukupiga kelele wala kumzibia mtu njia. Mlinzi alikuja akatuambia kwa upole kwamba hapo ni mali ya mtu, tutoke hadi barabarani. Nilimwonyesha ibara ya katiba kwenye simu yangu. Akaisoma yote, akanirudishia simu, akasema, "Ndugu yangu, haya siyakatai, lakini hapa si barabarani." Je, haki yangu haikuvunjwa? — Mgawa vipeperushi*

Ndugu msomaji, nimeipenda barua yako, na nimempenda pia mlinzi huyo, kwa kuwa maneno yake machache yamegusa kiini cha jambo. Kabla ya kuuliza kama haki ya kusema imevunjwa, yako maswali mawili yanayotangulia: ni nani aliyekuzuia, na ulikuwa umesimama wapi? Watu wengi huliruka la kwanza. Uhuru wa kujieleza, jinsi ulivyoandikwa katika katiba nyingi za dunia, ni kinga dhidi ya dola. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanalikataza Bunge kutunga sheria ya kupunguza uhuru huo. Hayamtaji mwenye duka. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao ibara yake ya 19 hunukuliwa kila mara katika mijadala hii, nao ni ahadi zilizotolewa na nchi. Polisi akikunyang'anya vipeperushi vyako kwenye njia ya umma, unaweza kuishtaki serikali, na itabidi serikali ithibitishe kwamba zuio hilo limewekwa na sheria, lina lengo halali na lilikuwa la lazima. Mwenye jengo anapokutaka utoke, yeye naye anatumia haki inayolindwa na sheria, yaani haki ya kumiliki mali, ambayo ndani yake mna uwezo wa kuamua nani aingie na kwa shughuli gani. Ukikaidi baada ya kuambiwa utoke, katika nchi nyingi unaweza kushtakiwa kwa kuingia kwa jinai, hata kama mlango ulikuwa wazi kwa wateja wote.

Jibu lingeishia hapo kama mali zote binafsi zingekuwa sawa na sebule ya mtu, lakini haziko hivyo, na mahakama zimelihangaikia jambo hili kwa zaidi ya miaka 70. Mji wa Chickasaw, pembezoni mwa Mobile katika jimbo la Alabama, ulikuwa mali ya kampuni ya kuunda meli. Nyumba, barabara, mifereji ya majitaka na maduka vilikuwa vya kampuni, na hata askari wa mji alilipwa na kampuni. Mwanamke mmoja wa Mashahidi wa Yehova, Grace Marsh, alisimama kwenye njia ya waenda kwa miguu karibu na ofisi ya posta akigawa machapisho ya dini yake. Katika maduka palikuwa na tangazo kwamba hiyo ni mali binafsi na kwamba bila kibali cha maandishi uchuuzi na ushawishi wa aina yoyote haruhusiwi mtu kuufanya. Aliambiwa kuwa kibali hatapewa, akatakiwa aondoke, akakataa, akakamatwa. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hatia yake. Jaji Hugo Black aliandika kwamba kadiri mmiliki anavyoifungua mali yake kwa matumizi ya umma kwa faida yake mwenyewe, ndivyo haki zake zinavyobanwa zaidi na haki za wale wanaoitumia. Mkazi wa Chickasaw alikuwa raia kama raia wengine, na kampuni iliyoshika kila kitu ambacho mji unacho haikuweza kumnyima yale ambayo mji usingeweza kumnyima.

Kutokana na kesi hiyo wengi walitarajia kwamba majengo ya maduka, yaliyokuwa yakichukua nafasi ya katikati ya miji, yangetendewa vivyo hivyo. Mwaka 1968 mahakama ileile ilielekea huko, ikaruhusu wafanyakazi waandamane mbele ya duka moja ndani ya kituo cha maduka. Muda si mrefu ikageuka. Huko Portland, jimbo la Oregon, vijana waliogawa vipeperushi vya kupinga vita vya Vietnam ndani ya kituo cha maduka chenye eneo la ekari 50 hivi waliambiwa na walinzi watoke au wakamatwe. Mwaka 1972, kwa kura tano dhidi ya nne, majaji walisema mwenye kituo alikuwa na haki ya kuwatoa: vipeperushi vyao havikuhusiana na biashara ya mahali pale, na njia za umma zilikuwapo pembeni ambako wangeweza kuvigawa. Mwaka 1976 mahakama ikatamka waziwazi kwamba uamuzi wa mwaka 1968 hauna nguvu tena. Huo ndio msimamo wa katiba ya Marekani hadi leo, na mlinzi wako aliusema kwa maneno machache kuliko majaji.

Kisa kinachonivutia zaidi ni kile cha California. Jumamosi moja wanafunzi wa sekondari waliweka meza ndogo ya kukunja katika kona ya uwanja wa ndani wa kituo cha maduka cha PruneYard, mjini Campbell, wakawa wanakusanya saini za kupinga azimio la Umoja wa Mataifa. Walikuwa watulivu, na wapita njia hawakulalamika. Mlinzi akawaondoa. Mahakama ya juu ya jimbo ilisema katiba ya California, iliyoandikwa kwa upana kuliko ile ya taifa, inawapa haki ya kuwa pale. Mwenye kituo alikata rufaa akidai amenyang'anywa mali yake na kulazimishwa kubeba ujumbe wa wengine. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia: jimbo linaweza kuwapa watu wake haki pana zaidi, mmiliki bado anaweza kupanga saa, mahali na namna, na akitaka anaweza kuweka kibao kinachosema maoni yale si yake. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa busara kubwa, kwa sababu haukumfanya mmiliki kuwa mtumwa wa kila mwenye kipaza sauti, wala haukumfanya raia kuwa mkoba wa fedha tu unaokaribishwa ilimradi ununue na usifungue mdomo.

Ulaya nako wamepita njia mbili. Mwaka 2003 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisikiliza kesi ya wakazi wa mji wa Washington, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, waliotaka kukusanya saini za kuokoa uwanja wa wazi usijengwe. Katikati ya mji wao palikuwa ni jengo la maduka lililojengwa na shirika la umma, kisha likauzwa kwa kampuni binafsi. Walishindwa, kwa kuwa wangeweza kupita nyumba kwa nyumba, kusimama katika njia za umma au kuandika magazetini. Mahakama hata hivyo iliacha mlango wazi: ikiwa kuzuiwa kuingia kunaua kabisa uwezo wa watu kujieleza, kama katika mji ambao wote ni mali ya kampuni, nchi inaweza kulazimika kuingilia kati. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2011 Mahakama yake ya Katiba iliamua kwamba kampuni inayoendesha uwanja wa ndege wa Frankfurt, ambayo hisa zake nyingi zilikuwa za mamlaka za umma, haiwezi kuwapiga marufuku watu wanaogawa vipeperushi humo kana kwamba ni mtu binafsi. Zipo pia katiba ambazo zenyewe zinawagusa watu binafsi: ibara ya 20 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema Sheria ya Haki inavifunga vyombo vyote vya dola na watu wote, na kifungu cha 8 cha Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 kinaruhusu haki kumfunga mtu au kampuni kadiri asili ya haki yenyewe inavyoruhusu. Hilo halimaanishi kwamba kila mlango umefunguka, ila linampa wakili pa kuanzia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, fuatilia kwanza jengo hilo ni la nani hasa. Ikiwa manispaa, mfuko wa umma au shirika la serikali lina hisa kubwa, hoja yako ina uzito. Ikiwa ni la mtu binafsi kabisa, omba kibali kwa maandishi ukitaja saa na mahali, kwa sababu mameneja wengi hukubali ombi ambalo wangelikataa likija kwa kushtukiza. Na wakikataa, simama mlangoni palipo na njia ya umma. Hakikisha tu kwamba njia hiyo ni ya umma kweli. Siku hizi viwanja na njia ambazo macho yanaziona kuwa za wote zimekwisha kuuzwa kimyakimya pamoja na majengo yaliyo kandokando yake, na mahali pa raia kusimama na karatasi mkononi panazidi kupungua bila sheria yoyote ya kuwanyamazisha watu kupitishwa. Hilo linanisumbua kuliko mlinzi yeyote.

Swali la pili

*Kwa miaka tisa nimekuwa nikiandika kuhusu uchafuzi wa maji katika mtandao mmoja wa kijamii. Asubuhi moja nilikuta ujumbe wa mistari miwili kwamba akaunti yangu imefungwa kwa kukiuka viwango vya jamii. Sikuelezwa ni chapisho gani. Nilibonyeza kitufe cha rufaa, na kabla sijaiweka simu chini jibu likarudi kwamba uamuzi hautabadilika. Watu wote ninaowaandikia wako humo. Huku si kufukuzwa sokoni? — Mwandishi aliyefungiwa*

Pole sana. Kupoteza kazi ya miaka tisa kwa ujumbe wa mistari miwili ni jambo la kuumiza, na nitalijibu swali lako bila kulipunguza uzito.

Mfano wako wa soko ndio uliotumiwa na walalamikaji wengi mahakamani, na mara nyingi umeshindwa. Mwaka 2019, katika kesi iliyohusu kituo cha televisheni ya jamii mjini New York, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba kuwapa watu wengine mahali pa kusemea si kazi ambayo tangu zamani imekuwa ya serikali pekee, na kwa hiyo anayeifanya hageuki kuwa serikali. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilitumia hoja hiyohiyo kuikatalia taasisi iliyoishtaki YouTube kwa kuzibana video zake: ukubwa wa jukwaa haulifanyi kuwa dola. Zaidi ya hapo, mwaka 2024, katika kesi kuhusu sheria za Florida na Texas zilizotaka kuyazuia majukwaa makubwa kuondoa machapisho ya watu, majaji walio wengi walieleza kwamba kuchagua kitakachoonekana na kuzuia kisichotakiwa ni namna ya jukwaa lenyewe kujieleza, kama mhariri anavyopanga ukurasa wake. Kesi zenyewe zilirudishwa mahakama za chini zichunguzwe upya, ila mwelekeo ulionekana. Tangu mwaka 1996 kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya Marekani kimeyakinga majukwaa pande zote mbili: kwa kawaida hayawajibiki kwa maneno ya watumiaji, na hayaadhibiwi kwa kuondoa kwa nia njema yale yanayoyaona hayafai.

Utauliza, basi nimebaki na nini? Umebakiwa na mambo matatu, na la tatu ndilo ninaloliona kubwa.

La kwanza ni kuchunguza kama kweli aliyekufungia ni kampuni. Ikiwa ofisa wa serikali ndiye aliyeishinikiza kwa vitisho ikuondoe, basi dola imekupiga kwa mkono wa mwingine, na kinga ya katiba inarudi. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba ofisa wa umma haruhusiwi kuzitisha kampuni binafsi ili ziadhibu au zizime maoni asiyoyapenda. Kesi hiyo ilihusu makampuni ya bima, lakini kanuni ni ileile. Vilevile, serikali haiwezi kumfungia mtu mitandao yote kwa sheria ya jumla. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo ilibatilisha sheria ya jimbo la North Carolina iliyowazuia watu waliowahi kutiwa hatiani kwa makosa ya kingono wasiingie katika mitandao ya kijamii, kwa sababu ilikuwa pana kupita kiasi. Ikiwa hata mtu wa namna hiyo analindwa dhidi ya dola, mwandishi wa uchafuzi wa maji hawezi kukosa ulinzi huo.

La pili ni mkataba. Ulipojisajili ulikubali masharti ya matumizi, nayo yanaifunga kampuni pia. Julai 2021 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba Facebook inaweza kuweka viwango vyake na kuondoa machapisho hata kama hayavunji sheria ya nchi, lakini masharti yake yalikuwa batili kwa kuwa hayakumpa mtumiaji haki ya kusikilizwa: chapisho likiondolewa ni lazima aarifiwe, angalau baadaye, na akaunti isifungwe kabla ya mwenyewe kuelezwa sababu na kupewa nafasi ya kujibu.

La tatu limekua kutokana na fikra hiyo. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024, haiyalazimishi majukwaa yabebe kila neno. Inayataka yaandike kanuni zinazoeleweka, yampe mtumiaji maelezo mahususi ya sababu ya kumwondoa, yampokelee malalamiko kwa muda usiopungua miezi sita bila malipo, yasiache mashine pekee iyaamue, na yakubali afike mbele ya msuluhishi wa nje. Kampuni inayokaidi inaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka duniani kote. Rufaa yako iliyojibiwa kabla hujaiweka simu chini ndiyo hasa sheria hiyo ilikusudia kuikomesha.

Naamini hiyo ndiyo njia sahihi, na sababu nitaieleza. Wapo wanaotaka serikali iamuru majukwaa yaache kila mtu aseme. Nawaelewa, lakini mkono unaoweza kuamuru kipi kisiondolewe unaweza kesho kuamuru kipi kiondolewe, na historia ya serikali na kalamu za watu haitupi sababu ya kuuamini. Wengine wanasema kampuni ni mali yake, ifanye ipendavyo, asiyetaka ahame. Hao nao wanasahau kwamba mtu akihama hahami na wasomaji wake, na kwamba kampuni iliyowakusanya watu kwa mabilioni kwa ahadi ya kuwapa sauti haiwezi kuzungumza kama mwenye kibanda aliyechoshwa na mteja mlevi. Kati ya hayo mawili ipo haki ndogo, ya kawaida, ambayo hata mtoto anaijua akiadhibiwa: niambie nimefanya nini, na unisikilize.

Kwa sasa, hifadhi ujumbe wa kufungiwa kwa picha ya skrini yenye tarehe. Tumia malalamiko ya pili, kwa maandishi, ukitaja kipengele cha masharti na ukitaka utajiwe chapisho husika. Omba nakala ya taarifa zako. Katika nchi zenye sheria ya kulinda taarifa binafsi kampuni haiwezi kukunyima kwa urahisi, na humo unaweza kuyapata maandishi yako ya miaka tisa. Na tangu sasa kazi yako ya kudumu iweke pia mahali unapopamiliki mwenyewe, pamoja na orodha ya anwani za wasomaji wako waliokubali kuandikiwa.

Swali la tatu

*Ninasimamia kundi la wazazi wa darasa la mwanangu kwenye simu. Mzazi mmoja alikuwa akituma usiku kucha ujumbe wa siasa na wa kumsema mwalimu vibaya. Nilimwonya mara mbili, kisha nikamwondoa. Sasa ananiita dikteta na kusema nimevunja katiba. Sijalala vizuri wiki nzima. — Mama msimamizi*

Mama, lala. Kundi lile ni kama kikao kilichoitishwa kwa ajenda moja, na mwenye kikao hamkosei mtu anapomtoa anayekataa kufuata ajenda baada ya kuonywa. Mzazi huyo hajanyamazishwa: anaweza kuanzisha kundi lake leo, akawaalika wanaotaka, akasema atakalo humo, naye huwezi kumzuia. Uhuru wa kusema haukuwahi kuwa haki ya kulazimisha wengine wasikilize saa saba za usiku.

Nina angalizo moja tu. Ikiwa shule yenyewe, hasa shule ya umma, inatumia kundi hilo kama njia pekee ya kutangaza mikutano na ada, basi kumwondoa mzazi ni kumkatia taarifa ambazo ni haki yake. Mwombe mwalimu afungue kundi la matangazo ambalo walimu pekee ndio wanaoandika, na mzazi huyo awemo. Andika pia kanuni tatu au nne fupi uziweke juu ya kundi, ili siku nyingine onyo lako litoke kwenye kanuni wala lisionekane limetoka moyoni mwako.

Swali la nne

*Kiongozi wa eneo letu hutumia ukurasa wake wa mtandaoni kutangaza ratiba za maji na kujibu maswali ya wananchi. Niliandika kwamba ahadi zake za mwaka jana hazijatimizwa. Amenizuia nisiuone ukurasa huo. Akasema ni ukurasa wake binafsi na ana hiari. — Raia aliyezuiwa*

Hapa ndugu, swali la "nani aliyekuzuia" linakuwa gumu kuliko mahali pengine popote, maana mtu huyohuyo ana kofia mbili. Machi 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa kipimo katika kesi ya meneja wa mji wa Port Huron, Michigan, aliyechanganya katika ukurasa wake wa Facebook picha za familia na taarifa za mji wakati wa janga la korona, kisha akamzuia mkazi aliyemkosoa. Kwa kauli moja majaji walisema cheo peke yake hakitoshi. Lazima ofisa awe na mamlaka halisi ya kuisemea serikali katika jambo husika, na awe alikuwa akiyatumia mamlaka hayo katika maandishi yale. Yakikutana hayo mawili, kumzuia mkosoaji ni tendo la serikali, na serikali haichagui wa kumsikiliza kwa kuangalia nani anaisifu. Mahakama iliongeza jambo ambalo viongozi wanapaswa kulitia akilini: kufuta neno moja chini ya chapisho la kifamilia ni tofauti na kumfungia mtu ukurasa mzima, kwa sababu kumfungia kunamkosesha pia yale ya kiserikali yaliyomo humo.

Kwa maelezo yako, ratiba ya maji ni kazi ya ofisi yake, wala si habari ya nyumbani kwake. Mwandikie barua rasmi kupitia ofisi, umweleze hivyo bila matusi, na nakala uipeleke kwa mamlaka iliyo juu yake. Ikiwa hatajibu, taasisi ya haki za binadamu ya nchi yako ndiyo ya kuendea kabla ya mahakama.

Swali la tano

*Ukurasa ni wangu, simu ni yangu, bando nimenunua mimi. Nimeandika kwamba fundi fulani ni mwizi, nikaweka jina na picha yake. Sasa wakili wake ameniandikia barua ya madai. Nilidhani katika mali yangu nasema nitakalo. — Mwenye ukurasa*

Katika mali yako unasema zaidi kuliko mahali pengine; hilo ni kweli na lina heshima yake. Mwaka 1990 mwanamke mmoja katika mji wa Ladue, jimbo la Missouri, aliweka bango la kupinga vita vya Ghuba mbele ya nyumba yake. La kwanza lilitoweka, la pili likaangushwa, na alipolalamika polisi walimwambia mabango ya namna hiyo yamepigwa marufuku mjini humo. Baadaye akabandika dirishani, ghorofa ya juu, karatasi yenye ukubwa wa inchi 8.5 kwa 11 iliyoandikwa kwamba anataka amani Ghuba. Mji ukatunga sheria mpya ya kumzuia. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu iliibatilisha kwa kauli moja, ikisema nyumba ya mtu ni mahali pa pekee pa kujieleza, rahisi na pasipo mbadala, hasa kwa mtu asiye na fedha za kulipia matangazo.

Lakini kashfa haibadiliki kwa kuandikwa kwenye ukuta wako. Umiliki unakulinda usifukuzwe mahali unaposemea. Haukulindi na madhara ambayo maneno yako yanamfanyia mwingine, kwa sababu heshima na kazi ya fundi huyo navyo ni vyake, na sheria inavilinda kama inavyolinda simu yako. Unachoweza kutegemea ni ukweli unaothibitika, au kwamba ulitoa maoni ya haki juu ya jambo la umma. "Nilimlipa nusu ya fedha tukakubaliana arudi siku ya tatu, hakurudi, na risiti hii hapa" ni maelezo unayoweza kuyasimamia. "Ni mwizi" ni tuhuma ya jinai ambayo itabidi uithibitishe. Hata hivyo usitishwe kupita kiasi na mtu anayekuambia utafungwa: Desemba 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika kesi ya mwandishi wa habari Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso, iliona kwamba kifungo kwa ajili ya kashfa ni adhabu iliyozidi kipimo, ukiacha hali nzito kama uchochezi wa chuki au wa mauaji. Fidia lakini ipo palepale.

Hifadhi nakala ya chapisho hilo kwa ajili ya wakili wako, kisha liondoe leo, pamoja na picha. Barua ya madai ina siku zake za mwisho, kwa hiyo usiijibu kwa hasira wala usiinyamazie. Mpelekee wakili pamoja na risiti, ujumbe mliotumiana na jina la yeyote aliyeshuhudia mkikubaliana. Ikiwa fundi alichukua fedha zako kweli, mahali pa kumpeleka ni polisi au mahakama ya madai madogo.